Sanduku la Santuri: Maswali Yenu Kuhusu Charley Pride

Toleo lililopita nilimgusia Charley Pride, mwimbaji mweusi wa muziki wa kantri wa Marekani, kwa aya moja tu, nikidhani napita njia. Barua zilizoingia zimenikalisha. Wengine mmeuliza kwa upole, wengine mmeniwakia, na yupo aliyejaza kurasa nne kunithibitishia kwamba Pride alikuwa mzungu. Basi safari hii safu nzima ni yake. Penye nyama nitakaa, pasipo na nyama nitapita. Majina nimeyaacha kama mlivyojiita wenyewe.

SWALI: Mzee wa Sanduku, shikamoo. Marehemu baba alizipenda nyimbo za Charley Pride kuliko za mtu mwingine yeyote, na mpaka anafariki aliamini anamsikiliza mzungu. Juzi nimeona picha nikadhani imewekwa kimakosa. Ni kweli kampuni ilimficha? Na mwenyewe alikubali vipi kufichwa? – *Binti wa Shabiki*

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzee. Hakuwa peke yake. Huko huko Marekani kulikuwa na watangazaji waliozipiga rekodi zake za mwanzo wakiamini kama alivyoamini baba yako. Lafudhi ilikuwa ya Mississippi, uimbaji ulikuwa kantri tupu, na ndani ya bahasha hamkuwa na picha.

Mambo yalikwenda hivi. Meneja wake, Jack Johnson, alizungusha kanda za majaribio mjini Nashville, kitovu cha muziki wa kantri, milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Akamfikia Jack Clement, prodyuza ambaye hakuwa na mazoea ya kuomba ruhusa. Clement akampa Pride nyimbo akajifunze, na mwaka 1965 wakaingia studio kwa gharama ya Clement mwenyewe. Kazi ile ikamfikia Chet Atkins, mpiga gitaa mashuhuri aliyekuwa akiongoza tawi la Nashville la kampuni ya rekodi ya RCA Victor. Atkins aliibeba kanda hadi Monterey, California, kwenye mkutano wa wakubwa wa kampuni. Akawapigia kwanza. Walipokwisha kuisifu, ndipo akawaambia mwimbaji ni nani. Mtu akishasifu kwa kinywa chake mbele ya wenzake, kugeuka ni kazi. Wakamsajili.

Rekodi ya kwanza, "The Snakes Crawl at Night", ilitoka Januari 1966. Ni hadithi ya mume aliyesalitiwa. Jina lake likatangulizwa neno "Country", akawa "Country Charley Pride", ili asije mtu akadhani ni soul, muziki wa watu weusi. Redio zikapelekewa rekodi bila picha, kinyume cha desturi ya siku zile.

Sasa sikiliza kipande ambacho wasimuliaji wengi hukiruka, maana kinawaharibia hadithi. Kufichwa kwenyewe kulidumu muda mfupi sana. Mwaka uleule wa 1966 albamu yake ya kwanza iliingia madukani na sura yake iko juu ya jalada. Wimbo wake wa kwanza kuingia kumi bora, "Just Between You and Me" aliotungiwa na Clement, ulikuwa ukipanda chati mwishoni mwa 1966 na mwanzoni mwa 1967, wakati ambao aliyetaka kumjua angemjua. Kwa hiyo ile hila ilimnunulia miezi kadhaa ya kusikilizwa kabla ya kutazamwa, basi. Nyimbo 29 zilizoshika namba moja kwenye chati ya kantri, zote 29, alizipata huku watu wanajua kabisa wanamsikiliza nani. Ya kwanza kati ya hizo ni "All I Have to Offer You (Is Me)" ya mwaka 1969.

Ukitaka kumwona alivyolibeba jambo lenyewe, mtazame Detroit, mwaka 1966, ukumbi wa Olympia, watu kama 10,000. Mshereheshaji anamtaja, makofi yanalipuka. Pride anatoka nyuma ya jukwaa, hatua mbili tatu, na makofi yanakatika. Yeye amekuja na gitaa na dakika chache tu za kuimba. Akawaambia anaelewa kwamba ni jambo geni kidogo kumwona mtu kwenye onesho la kantri akiwa na "rangi ya jua" isiyotoka. Watu wakacheka, wakapiga makofi upya, akaanza kuimba. Baada ya hapo aliitumia sentensi hiyo kumbi nyingi. Hakuirudia kwa unyonge. Alikuwa amekwisha pima kwamba kimya kile kikiachwa dakika nzima kinageuka kitu kingine, na yeye ndiye mwenye kipaza sauti.

Alikubali vipi? Mwanangu, alikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini, ana mke na watoto, anabeba zamu kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini. Mtu wa namna hiyo haulizwi kwa nini aliupitia mlango uliofunguka nusu.

SWALI: Mwandishi, mimi ni kocha mstaafu. Nimesoma mahali kwamba huyu bwana aliwahi kuwa mchezaji wa besiboli na akauzwa kwa basi. Hii si chumvi ya wanahabari? – *Kocha Mzee*

JIBU: Kocha, hapo hakuna chumvi. Na ukweli ni kwamba kwa miaka mingi muziki ulikuwa wake wa pembeni tu. Mpira ndio aliokuwa akiuota.

Alizaliwa Machi 18, 1934, Sledge, Mississippi, mmoja wa watoto kumi na mmoja wa mkulima aliyelima pamba shamba la mwenzake kwa kugawana mavuno. Baba mtu alikuwa na redio ya Philco na alikuwa mkali wa kuishika: Jumamosi usiku ni Grand Ole Opry, onesho la kantri la redioni kutoka Nashville, hakuna mjadala. (Baba huyo alitaka kumwita mwanawe Charl; karani akaandika Charley, likabaki hivyo.) Kijana akawa anaziiga sauti za waimbaji wa kantri Hank Williams na Roy Acuff shambani huku mikono iko kwenye pamba. Akiwa na miaka kumi na minne alinunua gitaa la kuagiza kwenye katalogi ya Sears.

Lakini mwaka 1947 Jackie Robinson, mchezaji mweusi, aliingia ligi kuu ya besiboli, na vijana weusi wa umri wa Pride wakaona njia ya kutoka shambani kwa mara ya kwanza. Yeye akaifuata. Mwaka 1952 alikuwa mrushaji wa Memphis Red Sox, kwenye ligi ya watu weusi. Mwaka uliofuata akachukuliwa na timu ya Boise iliyokuwa chini ya New York Yankees, akaumia mkono, na mpira wake wa kupinda ukapungua makali. Wakamwacha. Akarudi ligi ya watu weusi, akaangukia Louisville Clippers. Louisville hawakuwa na basi la kusafirisha timu. Birmingham Black Barons walikuwa nalo la ziada. Basi Pride na mwenzake Jesse Mitchell wakahamishiwa Birmingham, na basi likaenda Louisville. Yeye mwenyewe alizoea kutania kwamba huenda ndiye mchezaji pekee katika historia aliyebadilishwa kwa gari kuukuu. Mimi hunivutia zaidi kwamba ilibidi watolewe wawili.

Mwaka 1956 alirudi Memphis akawa na msimu mzuri, akachaguliwa timu ya nyota wa ligi. Mwaka huohuo jeshi likamwita. Akiwa likizo ya Krismasi alimwoa Rozene, ambaye hakuachana naye tena mpaka kufa. Jeshini, Fort Carson huko Colorado, alicheza mpira na kuimba. Alipotoka mwaka 1958 ligi za watu weusi zilikuwa zinakata roho, wachezaji wazuri wamekwisha nyakuliwa na ligi kuu.

Ndipo ikaja Montana, sehemu ya maisha yake ninayoipenda kuliko zote. Alikwenda kujaribu timu ya Missoula mwaka 1960, akaachwa baada ya muda mfupi, akaishia East Helena kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi. Kiwanda kilikuwa na timu yake, na mtu akipata kazi pale mara nyingi ni kwa sababu anajua kucheza. Meneja wa timu akamsikia akiimba. Akamwambia: nitakuongeza dola 10 uimbe dakika kumi na tano kabla ya kila mechi. Watazamaji wakaongezeka. Kwa hiyo, Kocha, mtu wa kwanza kumlipa Pride mshahara wa kawaida kwa kuimba alikuwa meneja wa timu ya kiwanda. Mchana mpira, usiku baa za Helena na gitaa lake, na kati ya hivyo viwili zamu mbele ya tanuri.

Huko huko, mwaka 1962, Red Foley na Red Sovine, waimbaji wa kantri wenye majina, walipita kwenye ziara. Wakamsikia, wakamwambia aende Nashville. Unadhani alikwenda? Alikwenda Florida kwanza, kwenye kambi ya New York Mets, kuomba majaribio. Kocha wao, Casey Stengel, hakutaka hata kumtazama akirusha. Safari ya kurudi Montana ndiyo iliyompitisha Nashville. Angekubaliwa Mets, pengine leo tungekuwa tunajadili takwimu za mrushaji wa wastani.

Na mpira haukumtoka. Miaka mingi baadaye, akiwa tajiri, kila mwaka alikwenda kambi ya mazoezi ya Texas Rangers, anavaa jezi na kufanya mazoezi na vijana, kisha anawaimbia. Mwaka 2010 akawa mmoja wa wamiliki wa timu hiyo.

SWALI: Kaka, mimi najifunza gitaa. Nikisikiliza Charley Pride sioni anachofanya cha ajabu. Hapigi kelele, hapandishi sana, hashuki sana. Ukubwa wake uko wapi? Na kile chombo kinacholia nyuma yake ni nini? – *Mpiga Gitaa Chipukizi*

JIBU: Mdogo wangu, umeliona lilipo, ila umelidharau. Chukua "Is Anybody Goin' to San Antone", ya mwaka 1970. Usisikilize maneno. Sikiliza anavyoianza kila sentensi: silabi ya kwanza inakaa mahali pake sawasawa, wala haiburuzwi wala hairukiwi. Mwanamume ndani ya wimbo yuko barabarani, amelowa, amemkimbia mwanamke, na Pride hamlilii. Anamsimulia. Waimbaji wengi wangeliweka kwikwi hapo. Yeye anaiachia melodi ifanye kazi, na anaiweka ile sauti yake nzito ya kiume, iliyo katikati ya juu na chini, pale ambapo kila neno linasikika.

Kisha kumbuka wakati wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Nashville ilikuwa imejaa vinanda vya nyuzi na waitikiaji laini, ili kantri iwauzie watu wa mijini. Clement alimrekodi Pride kwa kurudi nyuma: fidla, gitaa la stili, ngoma za kawaida. Ndiyo maana wapenzi wa kantri ya zamani, ambao ungetegemea wawe wa mwisho kumpokea, walikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alikuwa anawaimbia muziki ambao wenzake weupe walikuwa wanaukimbia. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye jibu la fumbo zima la Charley Pride, kuliko kwenye ile hadithi ya picha.

Kinacholia ni hilo gitaa la stili. Halishikwi kifuani, limelazwa juu ya miguu yake kama meza, mpigaji amekaa nyuma yake. Mkono wa kushoto unateleza na kipande cha chuma juu ya nyuzi, wa kulia unadonoa. Chini kuna pedali, na pembeni ya magoti kuna vyuma vya kusukuma: ukikanyaga, uzi mmoja unavutwa, noti yake inapanda huku wenzake wametulia. Kile kilio unachokisikia ni noti mbili zikiachana polepole. Tafuta albamu yake iliyorekodiwa moja kwa moja ukumbini Panther Hall, Fort Worth, Texas, mwaka 1968. Mpigaji ni Lloyd Green. Weka "Kaw-Liga", utunzi wa zamani wa Hank Williams, umfuate Green peke yake mwanzo hadi mwisho, halafu urudie umfuate Pride. Utaona wanavyopishana: mmoja akisema, mwingine ananyamaza.

"Kiss an Angel Good Mornin'" nimeiacha makusudi kwa sababu unaijua tayari, kila mtu anaijua. Ni ya Ben Peters, ilishika namba moja wiki tano mwaka 1971, ikapenya hadi nafasi ya 21 kwenye chati kuu ya Marekani, mahali ambapo nyimbo za kantri hazikufika kirahisi. Ukifanya mazoezi nayo, usiongeze kasi.

SWALI: Wewe unamsifu tu. Miaka ile watu weusi wa Marekani walikuwa wanapigwa mabomba ya maji na kung'atwa na mbwa barabarani, Dakta King anauawa, na huyu bwana anaimba mapenzi kwa wazungu. Hakuwahi kusema neno. Huo si woga? – *Msomaji Asiyependezwa*

JIBU: Ndugu yangu, hasira yako naielewa, na si wewe wa kwanza. Pride alikataa maisha yake yote kuitwa mwimbaji mweusi wa kantri. Alijiita Mmarekani, mwimbaji, na hapo anakuwekea nukta. Waandishi walimchokoza kwa swali hilo miaka hamsini, akawajibu vilevile. Sitakuuzia kwamba alikuwa mwanaharakati wa siri. Hakuwa.

Lakini woga? Hebu mweke mahali alipokuwa. Januari 7, 1967, anasimama kwenye jukwaa la Opry, ambalo tangu DeFord Bailey, mpiga harmonika aliyeachishwa mwaka 1941, halikuwa na nyota mweusi wa kudumu. Mwimbaji wa kantri Ernest Tubb ndiye aliyemtambulisha. Pride alisema baadaye kwamba alikuwa na hofu kiasi cha kutojua alivyozimaliza nyimbo mbili. Kisha akaendelea kwenda, mji baada ya mji, kumbi za Texas na Louisiana na Georgia, mara nyingi akiwa mweusi peke yake ndani ya jengo, hakuna bendi ya watu wa rangi yake, hakuna wa kumtazamia mgongo. Mwimbaji wa soul wakati ule alikuwa na watu wake mbele yake. Pride alikuwa anaingia nyumbani kwa watu, tena bila kujua mwenye nyumba ameamkaje.

Wapo waliomsimamia. Willie Nelson, mwimbaji mwenzake mzungu, alimpandisha jukwaani Dallas mbele ya watu walionuna, akambusu mdomoni hadharani, kisha wakamwacha aimbe. Faron Young, mwimbaji mwingine wa kantri aliyejulikana kwa ulimi mchafu, alikuwa rafiki yake na alimchukua ziarani. Mwaka 1971 Chama cha Muziki wa Kantri kilimpa tuzo ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka, kubwa kuliko zote, pamoja na ya mwimbaji bora wa kiume, aliyoichukua tena mwaka uliofuata.

Lawama ambayo mimi ningempa ni nyingine kidogo. Namna yake ya kutosema iliwafaa sana wenye kampuni. Waliweza kumwonesha Pride na kusema, tazameni, mlango uko wazi, kisha wakakaa miaka bila kumwingiza mwingine. Linda Martell aliimba Opry mwaka 1969, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake pale, akatoa albamu moja nzuri, akasahauliwa. Sasa niambie kosa hilo ni la nani. Mimi simtwishi Pride, lakini sina neno na atakayemtwisha robo yake.

SWALI: Kwa nini watu wa Ireland wanampenda kama ndugu yao? – *Msafiri*

JIBU: Kwa sababu alikwenda. Mwaka 1975 wanamuziki wa bendi ya Miami Showband waliuawa kwa bunduki wakirudi kutoka kwenye dansi huko Ireland ya Kaskazini, na wasanii wa nje wakaacha kukanyaga Belfast, mji mkuu wa huko. Novemba 1976 Pride akaenda kuimba kwenye sinema ya Ritz, katikati ya jiji lililokuwa na vizuizi na wanajeshi. Wakatoliki na Waprotestanti, mahasimu wa siku zile, wakakaa ukumbi mmoja kumsikiliza. Baada yake wengine wakaanza kurudi.

Wimbo wao mkubwa kule ni "Crystal Chandeliers". Mwanamume maskini anamwambia mwanamke aliyemkimbilia tajiri kwamba taa za kifahari hazitamkausha machozi. Marekani haukutolewa hata kama wimbo wa pekee. Ireland ukawa kama wimbo wa taifa wa pili, kila ukumbi unaimba naye.

SWALI: Shikamoo mzee. Wasanii wengi wa zamani hufa maskini, wamepunjwa. Yeye je? Na ni kweli alikuwa na ugonjwa wa akili? – *Muuguzi*

JIBU: Marahaba. Maskini hakufa. Hata baada ya kuwa na majina kwenye chati alibaki kuishi Montana, mji wa Great Falls, mpaka mwaka 1969 alipohamia Dallas. Nashville alikwenda kufanya kazi na kuondoka. Nadhani hilo lilimwokoa na mengi: ulevi wa pamoja, madeni ya kuoneshana, mameneja wa mezani. Akawekeza Dallas, Rozene akishika hesabu kwa mkono usiotetereka. Miaka ya sabini, kwa mauzo pale RCA, aliyekuwa akitajwa mbele yake ni Elvis Presley.

Kwenye kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1994, alisema wazi kwamba aliugua ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kwamba alitumia dawa. Mwanamume wa kizazi chake, wa Mississippi, mwenye tuzo ukutani, kuliandika hilo kwa jina lake mwenyewe mwaka 1994 si jambo dogo. Wewe muuguzi unajua zaidi yangu ni wangapi hulificha mpaka leo.

Na RCA aliachana nayo mwaka 1986, akilalamika kwamba kampuni inawakimbilia vijana na kuwaacha walioijenga. Namba moja yake ya mwisho ilikuwa "Night Games", 1983. Opry walimwalika uanachama mwishoni mwa miaka ya sitini akakataa, kwa sababu mwanachama wakati ule alibanwa na Jumamosi nyingi za lazima na yeye alikuwa na ziara za kulipwa vizuri zaidi. Akakubali mwaka 1993. Mwaka 2000 akaingizwa Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri, mweusi wa kwanza; Bailey, aliyemtangulia kwa miongo minne, alingojeshwa mpaka 2005, miaka mingi baada ya kufa. Hilo linaniudhi kila nikiliandika.

Novemba 11, 2020 alipokea tuzo ya heshima ya maisha huko Nashville, akaimba "Kiss an Angel" pamoja na kijana Jimmie Allen. Desemba 12 akafariki Dallas kwa UVIKO-19. Alikuwa na miaka 86.

SWALI: Baada yake nani? – *Mwanafunzi*

JIBU: Kimya kirefu. Mwimbaji mweusi wa kujitegemea aliyefuata kushika namba moja kwenye chati ya kantri ni Darius Rucker, mwaka 2008. Toka 1983 hesabu mwenyewe. Siku hizi kuna zaidi: Jimmie Allen niliyemtaja, Mickey Guyton, Kane Brown, na mwaka 2024 Beyoncé na Shaboozey walilishika soko kwa pamoja. Beyoncé alimtafuta Linda Martell, akiwa bibi wa zaidi ya miaka themanini, akamweka kwenye albamu yake. Hilo nilimpigia makofi nikiwa peke yangu chumbani.

SWALI: Mwandishi, nimetafuta "Crystal Chandeliers" ya zamani, si ile ya mkusanyiko. Ni albamu gani? – *Mwenye Haraka*

JIBU: *The Country Way*, 1967. Ukiipata ya santuri, tazama kingo kabla ya kulipa, usidanganyike na jalada safi. Na ukiona zinauzwa mbili, nipe anwani ya muuzaji.